Kanivali ya samba ya Bremen: chagua ngoma moja uifuate

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi Oldenburg, nimetoka Tanga mwaka jana, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi. Wenzangu wa bwenini wanataka twende Bremen mwezi wa pili kwenye kanivali ya samba: mchana kutwa barabarani, kisha usiku ukumbini hadi majogoo. Nina mambo matatu. Baridi hii nitaihimilije saa zote hizo? Mimi situmii pombe, usiku wenyewe nitauona mtamu? Na la tatu naona haya kuliuliza: samba ni ya Brazili na Bremen iko Ujerumani, sasa pale naenda kutazama nini hasa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Napiga ngoma ya surdo kwenye misafara ya samba huku kaskazini mwa Ujerumani, huu ni mwaka wa kumi na tatu. Nitaanza na hilo la tatu uliloonea haya, kwa sababu ukilielewa, la baridi na la usiku nusu yake yamekwisha jibika.

Kwanza nikwambie kosa langu. Mara ya kwanza nilikwenda Bremen kama mtazamaji. Nilijitafutia mahali pazuri kwenye ukingo wa barabara, nikasimama hapo saa moja unusu, makundi yakanipita moja baada ya jingine. Kila kundi nililisikia dakika mbili tatu, likaondoka na sauti yake. Miguu ikafa ganzi, vidole vikakakamaa, kabla ya magharibi nikapanda treni nirudi nyumbani. Nikawaambia watu kwamba samba ya baridi ni kelele tu na manyoya. Mwaka uliofuata rafiki yangu alinishika mkono akaniambia, leo hatusimami. Tulichagua kundi moja tangu uwanjani, tukatembea nalo ubavuni mpaka mwisho. Sikuiona baridi. Wiki mbili baadaye nilikuwa darasani najifunza kushika fimbo.

Siri iko kwenye ngoma yenyewe. Samba unayoisikia barabarani ilitengenezwa kwa ajili ya kutembea. Utumwa ulipofutwa Brazili mwaka 1888, watu weusi wengi kutoka jimbo la Bahia walikuwa wakihamia Rio de Janeiro kutafuta kazi, wakakaa maeneo ya karibu na bandari na mtaa wa Praça Onze. Pale kulikuwa na mama mmoja, Tia Ciata, yaani Shangazi Ciata, aliyeuza vyakula vya Bahia na kufungua nyumba yake kwa ngoma, zama ambazo polisi waliwaandama wapiga samba. Samba ya wakati ule ilikuwa ya kuchezwa uani, watu wamezunguka duara. Ukiitoa barabarani, umati haukuweza kwenda nayo hatua moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 vijana wa mtaa wa Estácio wakaibadilisha. Kundi lao, Deixa Falar, lilianzishwa mwaka 1928, na mmoja wao, Alcebíades Barcelos aliyeitwa Bide, anasimuliwa kuwa alichukua kopo kubwa la siagi, lile la kilo 20, akaliwamba ngozi. Hiyo ndiyo surdo. Likapatikana pigo zito linalosikika mpaka mkia wa msafara, na watu mia wakaweza kuweka mguu chini kwa pamoja. Sasa wewe ukisimama wakati ngoma hii inapita, umeipokea nusu.

Na usidhani unakwenda kutazama kitu cha wageni watupu. Waliopelekwa Rio utumwani wengi walitoka Kongo na Angola, na katika karne ya 19 wengine walipakiwa Msumbiji, Quelimane na kwingineko, wakazungushwa rasi ya kusini mwa Afrika hadi Brazili. Kwenye jongo, mchezo wa watumwa wa mashamba ya kahawa ambao ni mmoja wa wazee wa samba, ngoma huitwa angoma. Litamke neno hilo polepole. Niliposikia mara ya kwanza likitamkwa na mwalimu wetu, mzaliwa wa Rio, katika chumba cha mazoezi chenye harufu ya makoti yaliyolowa, nilishindwa kuendelea kupiga. Alikuwa anasema neno la bibi yangu.

Bremen ilifikaje hapo? Huo ni mji wa bandari na wafanyabiashara, na ni wa Waprotestanti tangu karne ya 16. Kanivali unayoiona kwenye televisheni, ya magari makubwa na peremende zinazorushwa, ni ya Köln, Düsseldorf na Mainz, kwa Wakatoliki wa mto Rhine. Bremen haikuirithi. Mwaka 1986 wapenzi wa samba na wasanii wa barakoa wa mji ule wakaanzisha ya kwao. Wakaunganisha vitu viwili: desturi ya kale ya Ulaya ya kuvaa sura za kutisha ili kuufukuza msimu wa baridi, na ngoma za Rio na za Salvador, mji mkuu wa Bahia. Kila mwaka huwa na mada yake, na makundi hushona nguo na kufinyanga barakoa kwa kufuata mada hiyo. Leo ni kanivali kubwa sana ya samba, wapiga ngoma wanatoka pande zote za Ujerumani na nchi jirani. Kwa hiyo usitegemee Rio iliyopunguzwa. Mabinti waliovaa manyoya ya ndege wapo, lakini wachache. Utakachokiona zaidi ni ndege wa karatasi wenye midomo ya mita moja, watu wa mironjo wanaochungulia madirisha ya ghorofa ya kwanza, na nyuma yao ngoma.

Kinyongo unaweza kuwa nacho, hata mimi nilikuwa nacho: wazungu wanapiga ngoma zilizozaliwa kwenye mateso ya watu wetu, huku wanacheka. Kilichonibadilisha ni mazoezi. Makundi mazuri hukutana kila wiki, mwaka mzima, na wapo wapigaji waliokwenda kukaa Rio au Salvador kujifunza miguuni pa wenyewe, wanawataja walimu wao kwa majina na historia wanaijua. Yapo pia makundi yanayopiga bila kujua yanapiga nini. Utawatofautisha kwa sikio, na hapa nakufundisha namna.

Fika uwanja wa Marktplatz asubuhi ya Jumamosi, saa tano hivi, kabla msafara haujaanza. Ni uwanja wa jumba la manispaa la kale, na sanamu ya mawe ya Roland, shujaa wa hadithi za kale, imesimama pale tangu mwaka 1404. Nenda mahali makundi yanapokaza ngoma. Utamwona mtu ameinamia pipa la bati au alumini, anazungusha funguo kidogo huku, kidogo kule, anagonga kwa kidole ukingoni, anasikiliza. Hewa ya Bremen mwezi wa pili ni ya unyevu, na ngozi ya mnyama hunywa unyevu ikalegea. Mwaka wangu wa kwanza kupiga niling'ang'ania ngozi ya mbuzi kwa sababu ndiyo sauti niliyoipenda, nikapuuza waliotangulia. Katikati ya njia ngoma yangu ikatoa sauti ya boksi lililolowa mvua, na safu nzima ya nyuma ikayumba kwa sababu yangu. Siku hizi nawamba nailoni msimu wa baridi, mbuzi namwachia mwezi wa saba.

Sasa sikiliza kwa mpango. Surdo ndizo zile ngoma kubwa zinazoning'inia kwenye mkanda, na huwa na kazi tatu. Samba huhesabiwa mbili mbili. Pigo la moja hulipiga surdo iitwayo segunda, ambayo sauti yake imepanda kidogo. Pigo la mbili hulipiga kubwa kuliko zote, primeira. Zito linakuja la pili, hilo ndilo linalowapotosha wengi, maana sikio lililozoea gwaride la shule hutegemea zito mwanzoni. Ya tatu, terceira, huchezea katikati ya hizo mbili, na ndiyo inayokufanya mabega yasitulie. Kama umewahi kukaa karibu na vumi na chapuo kwenye ngoma za kwetu pwani, hutapata shida: primeira ndiyo vumi lako. Juu ya hizo utasikia ngoma ya caixa inayokwaruza bila kupumzika, tamborim ndogo za kiganjani zinazopigwa kwa fimbo ya plastiki inayonesa, kengele mbili za agogô, manyanga na makayamba ya kila namna. Utamsikia pia repinique, ngoma ya sauti kali, akiita peke yake na kundi zima likamwitikia. Hapo hutahitaji kufundishwa, ni mwito na kiitikio, tumelelewa nao.

Makundi mengi ya Bremen hupiga pia samba-reggae ya Salvador, iliyokua kwenye makundi ya watu weusi kama Ilê Aiyê, lililoanza mwaka 1974, na Olodum, mwaka 1979. Mwendo wake ni wa taratibu, surdo kadhaa zinajibizana kama watu wanaozungumza, na wapigaji hurusha fimbo juu ya vichwa kwa pamoja. Kwa siku yako ya kwanza nakushauri uchague kundi la namna hiyo, kuliko yale ya kasi ya Rio. Utapata nafasi ya kusikia nani anasema nini.

Ukishachagua, kaa nalo. Karibu na saa sita mchana msafara hutoka uwanjani kuelekea mtaa wanaouita Viertel, kupitia Ostertorsteinweg, na tramu za njia hiyo husimamishwa. Ratiba na njia hutangazwa upya kila mwaka, zitazame kabla. Wewe tembea pembeni, usawa wa safu ya nyuma, kwa wenye surdo. Weka mguu wa kulia chini kila zito linapopigwa. Hatua hamsini za mwanzo utakosea, halafu mwili utashika wenyewe. Ostertorsteinweg ni barabara nyembamba yenye nyumba ndefu pande zote, sauti inagonga ukuta inarudi, na pale ndipo primeira huipokei kwa sikio tena, unaipokea kifuani. Ndiyo maana nakusihi uweke vizibo vya masikio. Vinauzwa duka la dawa kwa pesa kidogo, na karibu na safu ya ngoma kelele hupita desibeli 100. Masikio hayana vipuri.

Jambo moja la adabu: usipite katikati ya kiongozi na wapigaji, hata kwa sekunde ya kupiga picha. Kiongozi, tunamwita mestre, anaongoza kwa vidole na filimbi. Mtu mmoja akimziba, safu ya nyuma haioni ishara, na wimbo unaanguka.

Baridi sasa. Wiki hizo, maana kanivali ya Bremen mara nyingi huwa wikiendi moja kabla ya ile kubwa ya Köln, mchana huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Theluji unaweza usiione kabisa. Utakutana na upepo na manyunyu, na hayo ni mabaya zaidi kwa sababu yanapenya. Usivae koti moja kubwa juu ya fulana ya pamba. Pamba ikishalowa jasho hukaa na maji, ukisimama tu inakugandisha mgongo. Iliyo karibu na ngozi iwe ya sufu au ya kitambaa cha michezo, juu yake sweta, juu kabisa kitu cha kuzuia upepo na maji. Kofia ifunike masikio. Viatu viwe na soli nene, na nafasi ya kutosha kwa soksi za sufu, maana soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na vidole vinapoa haraka kuliko ungevaa moja. Mahali utakapolazimika kusimama, kwa mfano uwanjani asubuhi, kanyaga kipande cha boksi. Baridi ya mawe hupanda kupitia nyayo. Wauza sokoni wa huku wanalijua hilo siku nyingi.

Na beba fulana kavu kwenye mfuko wa plastiki. Hili ndilo ninalowaambia wageni wote, na ndilo wanalolisahau. Hatari yako haiko wakati unatembea. Iko msafara unapomalizika, umelowa jasho, furaha imekushika, na jua linazama kama saa kumi na moja na nusu. Ingia mgahawa wowote, nenda chooni, badilisha fulana. Dakika tatu hizo ndizo zitakazoamua kama usiku utaufika.

Kuhusu chakula, soseji zinazonukia vizuri pale mtaani nyingi ni za nguruwe, na Pinkel, inayoliwa na sukumawiki ya majira ya baridi, ni nguruwe bila shaka yoyote. Kama hiyo si yako, Viertel imejaa maduka ya falafeli na vyakula vya Kituruki, na kuna Rollo, chapati iliyookwa na kukunjwa na vitu ndani yake, ambayo watu wa Bremen wanajivunia kuwa ni yao. Mvinyo wa moto unauzwa kila kona. Omba Kinderpunsch, ni maji ya matunda na viungo yaliyochemshwa, hayana kilevi, na mdalasini wake utakukumbusha nyumbani.

Usikimbilie ukumbini mapema. Kwangu saa nzuri kuliko zote ni ile ya giza la kwanza. Msafara umevunjika, polisi wameanza kufungua barabara, lakini wapigaji hawataki kuvua mikanda. Vikundi vya watu kumi, kumi na watano, vinajikusanya kwenye pembe za mitaa. Wa kundi hili na wa kundi lile, hawajuani majina, wanatazamana machoni na mmoja anaanza. Barakoa zimepandishwa juu ya paji la uso, pumzi zinatoka moshi chini ya taa. Mwaka mmoja alitokea mzee mwenye cuíca, ile ngoma yenye kijiti kilichofungwa katikati ya ngozi kwa ndani. Kijiti husuguliwa kwa kitambaa chenye maji, na ngoma inalia kama mtoto au inacheka kama kichaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya pipa, na kile kitambaa chenye maji, katika baridi ile! Kila baada ya muda aliutoa mkono, mwekundu, akaupulizia, akaurudisha. Alipiga vile karibu nusu saa. Sijasikia cuíca nyingine iliyoniingia kama ile.

Usiku wenyewe uko Schlachthof, yaani machinjio. Jengo lilikuwa la machinjio ya mji kweli, leo ni kituo cha utamaduni, nyuma ya stesheni kuu, dakika chache kwa miguu. Barabarani ni bure, huku unakata tiketi, na uikate mapema. Kuna joto kali, koti litakushinda, kwa hiyo uwe na sarafu za kulipia mahali pa kuhifadhi makoti, na ujue marafiki zako mmekubaliana kukutana wapi mkipotezana, maana ndani simu hamtasikizana.

Uliuliza kama utaufurahia bila pombe. Mimi nina miaka kumi na tatu nikipiga na tone sijawahi kuonja, na katika safu yetu si mimi peke yangu, kwa sababu mpigaji aliyelewa huwahi pigo, na surdo ikiwahi kundi zima linakimbia. Baada ya saa sita usiku watu wengine watakuwa wamekolea. Ukiona mahali pamekuwa pa kusukumana, sogea karibu na jukwaa upande wa wapigaji. Huko watu wamekuja kwa ajili ya ngoma.

Lingine linalohusu watu kama wewe na mimi. Kuna mtu atakuvuta mkono katikati ya duara akisema, wewe unatoka Afrika, tuonyeshe! Atasema kwa nia njema. Huna deni la kumchezea mtu yeyote. Mimi nilikuwa naona aibu, nacheza huku machozi yananilenga, mpaka siku niliyoamua kujibu kwa tabasamu kwamba leo nimekuja kusikiliza, nikarudi nilipokuwa nimesimama. Hakuna aliyekasirika. Siku utakayotaka kucheza mwenyewe, hatua za samba ni fupi: mguu mmoja nyuma, mwili unabaki mahali pake, magoti laini, uzito unahama kabla ya pigo na si baada yake. Anza polepole ukiwa karibu na ukuta. Wale mabinti unaowaona wakipepea walianza hivyo hivyo.

Kuondoka, safari ya treni hadi Oldenburg haichukui hata saa moja, lakini usiku treni zinaachana sana. Andika saa za treni mbili za mwisho kwenye karatasi, usitegemee simu tu, kwa sababu baridi humaliza betri upesi. Hakikisha pia kama tiketi yako ya muhula inafika Bremen.

Mwaka huu nitakuwa safu ya nyuma, wa pili kutoka kushoto, surdo ya primeira iliyofungwa kipande cha kanga nyekundu. Ukiniona usinipungie, mikono yote miwili ina kazi. Wewe njoo tu ubavuni, uweke mguu chini kwenye zito.